Unataka kujenga tangi kubwa la samaki nyumbani? Anza kwa kupima mkono wako

Kabla hujachora chochote, kabla hujaanza kuangalia samaki, chukua futi upime mkono wako kuanzia kwapani mpaka ncha ya kidole cha kati. Wangu ni sentimita 66. Hicho ndo kipimo cha kwanza cha tangi lako maana kila kitu kitakachodondoka chini, kila jiwe litakaloanguka, kila samaki atakayekufa akajificha nyuma ya gogo, ni huo mkono ndo utaenda kumtoa, na ukijenga tangi la kina sentimita 90 utakuwa unaingia nusu mwili kila wiki mpaka uchoke uliache lichafuke. Nimeona matangi mazuri sana yakiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo moja tu.

Mimi nasema kina kiwe 60. Ukitaka ukubwa ongeza urefu na hasa ongeza upana wa kwenda ndani, yaani kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma. Watu wengi wanausahau huo upana afu ndo unaolipa kuliko vyote. Sababu yenyewe ni ya kifizikia: presha ya maji inategemea kina peke yake, haijui tangi ni jembamba au pana. Chukua kioo cha mbele cha urefu wa mita 2. Maji ya kina sentimita 60 yanakisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 360. Panda mpaka 80, umeongeza theluthi tu ya kina, nguvu inaruka mpaka kilo 640. Ila ukiongeza upana wa ndani kutoka 50 mpaka 70 kioo cha mbele hakisikii chochote, na wewe umepata nafasi ya kupanga mawe kwa tabaka, na samaki wamepata pa kugeukia.

Kwa hiyo mfano nitakaoutumia hapa ni tangi la urefu 200, upana 70, kina 60. Likijaa mpaka ukingoni ni lita 840, ila ukiacha nafasi juu, maji yenyewe ni kama lita 770.

Uzito sasa

Lita moja ni kilo moja, hiyo kila mtu anaijua, ila jumlisha na vingine uone. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo tangi hili likiwa la kioo cha milimita 15 lenyewe tupu ni karibu kilo 175. Weka mchanga, weka mawe, weka stendi ya chuma, weka na sampu (tangi la pili la kuchujia maji) iliyojaa maji chini yake, unakaribia tani moja na robo imekaa sehemu moja ya sebule miaka na miaka. Kama ni chini kabisa, sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, kwa kawaida hakuna shida. Kama ni ghorofani, au sakafu ya mbao, usikisie na usimuulize jirani, mwite mhandisi wa majengo aje aone nguzo na mihimili imepita wapi. Kawaida tangi linakaa vizuri zaidi likiegemezwa kando ya ukuta unaobeba nyumba, na kama ni sakafu ya mbao lilale kwa kukatiza ile mihimili ya chini, lisiende sambamba nayo likakalia mmoja tu.

Sehemu utakayochagua jua lisiipige moja kwa moja, mwani utakusumbua na joto litapanda. Acha nafasi nyuma, angalau mkono upite na bomba na ufagio. Na usogee karibu na maji na karibu na pa kumwaga maji, hili nitalirudia mbele maana ndo linaloamua kama tangi litadumu.

Stendi na kioo

Stendi mimi napenda skwea paipu, fundi wa kuchomelea anayejua kazi yake anaimaliza haraka, afu pigeni rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili au tatu, hasa kwenye maungio, maana humo chini kutakuwa na unyevu muda wote. Mbao nzito nazo zinafaa mradi mzigo ushuke moja kwa moja kwenye miguu, usining'inie kwenye skrubu. Juu ya fremu weka plaiwudi nene ya kustahimili maji, juu yake shiti ya povu ngumu, ndo tangi likae. Ile povu inameza vijiwe na vibonyeo vidogo. Haisawazishi stendi iliyopinda. Weka pima maji kwa urefu, kwa upana na kwa kona kwa kona, na upime tena stendi ikiwa imebeba mzigo. Ukiona maji yamezidi upande mmoja kwa milimita kadhaa lipo la kurekebisha, na linarekebishwa chini ya miguu ya stendi, sio kwa kuchomeka kipande cha mbao chini ya kioo.

Unene wa kioo usiuchukue kwa kuangalia tangi la mtu. Hesabu wanayoitumia wajenzi wa matangi ina kipimo cha usalama cha 3.8, yaani kioo kiwe na nguvu mara 3.8 ya mzigo kitakaoubeba, na kwa urefu wa mita 2 na kina cha 60 inatoa kama milimita 12.6. Kioo cha 12.6 hakiuzwi. Wapo wanaoshuka wakaweka 12 na kuongeza mbavu za kioo juu (vipande vyembamba vya kioo vya kukaza kingo), na yapo yanayosimama miaka. Mimi napanda 15 na bado naweka mbavu, maana hiyo tofauti ndo inayobeba siku mtoto akiligonga na kiti.

Ukitaka kutoboa kioo kwa ajili ya mabomba, toboa kabla ya kuunganisha, kwa biti ya almasi, huku maji yakimwagika taratibu juu yake muda wote, mkono mwepesi, unaacha biti ikate yenyewe. Weka kipande cha mbao nyuma kioo kisimeguke wakati biti inatokea upande wa pili. Tundu likae mbali na ukingo, angalau umbali sawa na kipenyo chake. Na uulize kabisa kioo sio kile kilichochomwa kikawa kigumu, kile ukigusa na biti kinasambaratika chote vipande vidogo vidogo.

Kuunganisha: silikoni iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki wakati inakauka, na isiwe imewekwa dawa ya kuzuia ukungu kama ile ya bafuni, hiyo dawa inaua samaki. Safisha kingo zote kwa asetoni kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ukishasafisha usiguse tena na kidole, mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya silikoni isishike. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili za mstari. Jipangeni watu wanne kabla hamjafungua tyubu, nani anashika nini, maana ndani ya dakika chache silikoni inaanza kuweka ngozi na hapo tena haishiki. Kitako kwanza, kioo cha nyuma juu yake, ubavu, ubavu mwingine, cha mbele mwisho.

Na hapa ndo wengi wanakosea: wanakandamiza kioo mpaka silikoni yote inatoka nje, wanaona imekaza, wanafurahi. Silikoni inayobeba mzigo ni ile iliyobaki katikati ya kioo na kioo, ule mstari wa ndani kwenye kona ni wa kusaidia tu. Acha unene wa milimita 2 au 3, weka vipande vidogo vya plastiki vinavyolingana vikusaidie. Kazi ikiisha, tazama kutoka nje ukiwa na tochi: ungio zuri ni jeusi moja kwa moja (au angavu moja kwa moja kama silikoni ni ya rangi hiyo), ukiona kiputo cha hewa kinachovuka kutoka ndani mpaka nje, hapo patavuja. Kata, safisha mpaka kioo kibaki kitupu, rudia, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri kwenye silikoni ya zamani.

Iache wiki mbili. Najua unatamani, iache. Afu jaza robo, subiri siku, jaza nusu, subiri, jaza lote likae siku kadhaa sehemu ambayo likimwagika halileti hasara. Pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila ungio chini, tishu inaona unyevu ambao jicho halioni.

Sampu, na siku umeme utakapokatika

Sampu ni tangi la pili linalokaa ndani ya stendi, maji yanashuka humo kwa mabomba, yanapita kwenye sponji na vyumba vya bakteria wa kusafisha maji (nitawaeleza mbele), pampu inayarudisha juu. Kwa tangi la ukubwa huu sioni njia nzuri zaidi, hita zinajificha humo, maji yanaongezeka, na kina cha maji juu hakibadiliki hata yakikauka kwa mvuke.

Ila sampu inataka hesabu moja ambayo usiiruke. Pampu ikizimika, maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike chini ya mdomo wa kushushia, na bomba la kurudisha nalo linageuka linaanza kunyonya kurudi chini. Uso wa tangi letu ni sentimita 200 kwa 70, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 14. Zikishuka tatu ni lita 42, na maji yaliyokuwa ndani ya mabomba juu yake. Sampu ya sentimita 100 kwa 50 inapanda sentimita moja kwa kila lita 5, kwa hiyo hizo lita 42 zinaipandisha sentimita 8 na zaidi. Lazima hiyo nafasi iwe tupu muda wote.

Mimi niliihesabu hiyo nafasi nikaiacha tupu, na bado nilikuta sebule imelowa. Bomba la kurudisha nilikuwa nimelitoboa kitundu kidogo chini kidogo ya uso wa maji, ili umeme ukikatika kivute hewa na mnyonyo ukatike. Kilifanya kazi miezi mingi, afu konokono mdogo akaingia humo akaziba, sikujua. Umeme ukakatika usiku, bomba likanyonya mpaka mdomo wake ulipo, sentimita 12 chini. Toka siku hiyo mdomo wa bomba la kurudisha nauweka juu kabisa, sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, ili hata kitundu kikiziba mnyonyo uishie wenyewe. Valvu ya kuzuia maji yasirudi usiiamini peke yake, taka ndogo inaishikilia wazi.

Ya kushusha maji weka mabomba mawili. Moja ndo la kazi, lina koki ya kurekebisha, unalirekebisha mpaka linajaa maji tupu bila hewa na linakuwa kimya kabisa, ukimya huo utaupenda. La pili ni la dharura, mdomo wake uko juu kidogo, na halina koki wala kitu chochote cha kulifunga. La kwanza likizibwa na jani au samaki, la pili linachukua. Weka wavu kwenye midomo yote miwili.

Pampu ikiandikwa lita 6,000 kwa saa hiyo ni namba ya pampu ikiwa hainyanyui chochote. Ikipandisha maji mita moja na nusu, ikapita na elbo kadhaa, inapungua sana, angalia mchoro wa pampu kwenye boksi kabla hujanunua. Lita 3,500 mpaka 4,000 zikifika juu kwa saa zinatosha kwa maji baridi ya kawaida, yaani yasiyo ya chumvi. Funga yunioni pande zote za pampu, siku ya kuisafisha utaitoa kwa mkono bila kukata bomba.

Hita weka mbili za wati 300 badala ya moja kubwa ya 600. Hita zinapoharibika mara nyingine zinaganda zikiwa zimewaka, na moja ndogo iliyoganda inachukua muda kupasha lita 770 kwa hiyo unapata nafasi ya kugundua, kubwa inapika samaki usiku mmoja. Na ikifa moja ikiwa imezima, nyingine inawashikilia.

Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kwanza ndo zipande, ili tone la maji likifuata waya lidondokee chini lisiingie kwenye soketi. Soketi zikae kwenye ukuta pembeni, sio ndani ya stendi chini ya maji. Na laini ya umeme inayoenda kwenye tangi iwe na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Hili fundi umeme alifanye, sio wewe na mimi. Kama kwenu umeme hukatika mara kwa mara, nunua na pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, samaki wanakufa kwa kukosa oksijeni kabla hawajafa kwa baridi.

Siku ya kubadilisha maji

Robo ya maji ya tangi hili ni kama lita 190. Kwa ndoo ya lita 10 ni safari 19 za kutoa na 19 za kuingiza, kila wiki. Hakuna anayeweza hiyo kwa mwaka mzima, na ndo maana nilisema usogee karibu na maji. Wakati unajenga weka koki ya kutolea maji kwenye sampu inayoenda moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu, na pipa la kuandalia maji safi lenye pampu ndogo na mpira unaofika tangini. Ukifanya hivyo kazi ni nusu saa na nusu ya hiyo umekaa. Maji ya bomba yana klorini, yakipumzika siku nzima huku yanapigwa hewa inaondoka, ila sehemu nyingine wanatia kloramini na hiyo haiondoki kwa kupumzisha, inataka dawa. Uliza wanaotoa maji wanatumia ipi.

Mawe na mchanga

Mawe makubwa yaingie kwanza, yakae kwenye kitako juu ya shiti nyembamba ya plastiki, ndo mchanga umwagwe kuyazunguka. Ukiweka mchanga kwanza na mawe juu, samaki wachimbaji, na mbuna wa Ziwa Nyasa ndo hodari wa hilo, watachimba chini ya jiwe mpaka liporomoke, na jiwe la kilo 15 likigonga kioo kazi yote imekwisha. Jaribu kila jiwe: dondoshea siki, likitoa mapovu lina chokaa, litapandisha ugumu wa maji. Kwa samaki wa maziwa makuu hiyo ni nzuri, kwa wa mito ya maji laini haifai. Mchanga uoshe mpaka maji yatoke safi, utachoka, osha tena.

Kuotesha bakteria

Tangi limejaa, taa zinawaka, maji yameng'aa, na bado halina uhai. Samaki wanatoa amonia na amonia ni sumu kwao. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo wanaivumilia kwa kiasi na wewe unaitoa kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanakaa kwenye nyuso za sponji na mawe ya filta, sio ndani ya maji, na wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujaa. Weka amonia isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kionyeshe miligramu 2 kwa lita, pima kila siku mbili tatu, andika. Utaona amonia inashuka, nitriti inapanda, halafu nayo inashuka. Siku utakayoweka miligramu 2 na baada ya saa 24 ukapima amonia sifuri na nitriti sifuri, hapo tangi limeiva. Kama una rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji ya filta yake, kinapunguza kungoja sana, ila kibebe kikiwa kimelowa na kisikae siku.

Badilisha maji kwa wingi kushusha nitrati, ndo ulete samaki. Chagua kwa ukubwa wa mkubwa wao, sio wa huyu aliyeko kwenye mfuko. Oskar anafika sentimita 30 na tangi hili linamtosha, kambale mwenye mkia mwekundu anauzwa akiwa wa kidole na anavuka mita moja, huyo usimlete kabisa. Wakae kwanza kwenye tangi dogo pembeni wiki 3 au 4 uone kama wana ugonjwa, maana dawa ya lita 60 na dawa ya lita 770 ni vitu viwili tofauti. Waingie kidogo kidogo, wachache leo, pima wiki nzima, wengine wafuate. Wapole wawe wa kwanza ili wachague mapango yao, wababe wawe wa mwisho kabisa, na siku mbabe anaingia badilisha mpangilio wa mawe mawili matatu, ili wote waanze kutafuta mipaka upya.